Kula na Wagiriki Wiki ya Mwisho ya Mfungo: Athens hadi Corfu

Jumapili, 28 Aprili 2024. Athens

Idi tumeshaisali tangu tarehe 10. Wakatoliki na Walutheri wa kwetu nao wamekula Pasaka yao tarehe 31 Machi. Wagiriki bado. Wao huihesabu Pasaka kwa kalenda ya zamani ya Juliasi, na mwaka huu imeangukia 5 Mei, wiki tano nyuma ya wenzao. Nimekuja wiki hii makusudi. Wageni wengi huingia Ugiriki Julai na Agosti, wakala souvlaki na saladi ya jibini la feta ufukweni, wakarudi makwao wakisema wamekijua chakula cha Kigiriki. Mimi nilitaka kuwakuta wamejifunga, nione jiko lao linafanya nini likinyang'anywa nyama na maziwa.

Nimefikia kwa shoga yangu, Kypseli, mtaa wa magorofa ya zamani ambao Waafrika wengi wanauita nyumbani. Ni mtu wa Tanga kama mimi, kazi yake kuwatunza wazee, na amekaa huku hadi akigombana na mtu wa teksi huwezi kujua kama si mzaliwa.

Mfungo wao hauna kungoja adhana. Mtu anaweza kula mchana kutwa akitaka, ila sahani yake isiwe na nyama, maziwa, jibini, mayai wala samaki. Ni siku 40 za Kwaresima, kisha wiki hii juu yake. Siku zilizo kali hata mafuta ya zeituni huondolewa, na kumwondolea Mgiriki mafuta ni kumpeleka pabaya. Lakini viumbe vya baharini wanavyoviona havina damu vimeachwa: pweza, ngisi, kamba, kome. Nilicheka nilipoelezwa. Mtu wa Chumbageni, kwetu Tanga, akiambiwa afunge kwa pweza na kamba ataomba Kwaresima iongezwe. Shoga yangu anasema vijana wengi hawazifungi siku zote, ila wiki hii ya mwisho hata wasioijua njia ya kanisani huona haya kula nyama hadharani.

Samaki wenyewe wameruhusiwa mara mbili tu: 25 Machi na leo, Jumapili ya Matawi. Na samaki wa siku hizi mbili ni bakaliaros, ng'onda wa bahari za kaskazini. Jirani wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka themanini na ushei, alimloweka tangu Ijumaa, akibadilisha maji asubuhi na jioni mpaka chumvi ikatoka. Leo kamchovya kwenye rojo la unga, kamkaanga. Pembeni kuna skordalia: kitunguu saumu kilichotwangwa na mkate uliolowekwa, siki na mafuta ya zeituni, hadi kikawa uji mzito mweupe. Bibi hakutaka mashine. Alitwanga kwenye kinu cha mti, kidogokidogo, akitia mafuta kwa uzi mwembamba. Ukali wake unapanda puani kabla haujafika kooni. Tulikula na bitiruti zilizochemshwa pamoja na majani yake, na jioni tulipopanda basi kila mtu alituachia nafasi.

Jumatatu, 29 Aprili. Athens

Soko la Varvakios liko barabara ya Athinas, na jengo lake lipo tangu miaka ya 1880. Upande mmoja nyama, upande mwingine samaki, na ng'ambo ya barabara mboga, zeituni na matunda. Nimezunguka humo kutwa nzima.

Upande wa nyama wiki hii ni ajabu. Wana-kondoo wananing'inia safu kwa safu, wazima, vichwa chini, kila mmoja na muhuri wake, na watu wanachagua nyama ambayo hawataigusa mpaka Jumapili. Wauzaji wanapayuka: hapa, bi, wa kienyeji, wa maziwa! Mzee mmoja alikuwa anampapasa kondoo mbavu, anamwacha, anamrudia. Mkewe amekaa juu ya kreti la zeituni, kajiinamia na simu. Kando, kwenye mabeseni, wanauza kile wanachokiita seti: maini, moyo, mapafu na utumbo wa mwana-kondoo mmoja, vimefungwa pamoja. Seti hiyo ni supu ya usiku wa Pasaka, na nitaifikia.

Upande wa samaki ndiko kuliko na biashara ya leo. Sakafu imelowa, taa za globu zinawaka juu ya barafu, na pweza wamepangwa mikia nje. Nilimuuliza muuzaji jinsi ya kumlainisha, nikitegemea aniambie kumpiga kwenye jiwe. Akasema hiyo ni ya picha za watalii visiwani. Ukimgandisha kwenye friza, barafu inafanya kazi ile ile. Kisha akanishika mkono wa koti, maana alikuwa na jambo la maana zaidi: "Usitie maji!" Pweza huwekwa sufuriani mkavu, mfuniko juu, moto mdogo, na maji yake mwenyewe yanatoka mpaka anaogelea. Maji yakikauka, naye keshaiva. Hapo ndipo unatia mafuta, siki na jani la kunukia. Shoga yangu alitafsiri, akaongezea lake: "Na ukienda mkahawani sema *horís krasí*, bila mvinyo, maana wengine wanampika kwa mvinyo mwekundu." Sentensi hiyo imenisaidia kuliko salamu zote nilizojifunza.

Mchana tulishuka Diporto, karibu na upande wa mboga. Ni mkahawa wa chini ya ardhi, una milango miwili na hauna kibao. Menyu pia haina. Unashuka ngazi, unakaa pale penye nafasi hata kama ni meza ya watu usiowajua, na mapipa ya mvinyo yamejipanga ukutani. Tuliletewa dengu. Dengu tupu, zilizochemshwa polepole na vitunguu na mafuta ya zeituni mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe bila unga wala nyanya, na kipande cha limau pembeni. Wapagazi wa sokoni wanakula hicho. Nimekula dengu maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kwamba zinaweza kuachwa hivyo, bila nazi, bila bizari, zikatosha. Mkate ulikuja bila kuagizwa, na zeituni pia.

Kabla ya kurudi tulipita barabara ya Evripidou kwenye maduka ya viungo: oregano ya mlimani mafungu kwa mafungu, chai ya milimani ambayo ni vijiti vyenye maua makavu, fava ya Santorini ambayo ni jamii ya njegere za njano zilizoparazwa, na maharagwe makubwa meupe kutoka Prespa, kila moja nusu ya kidole gumba. Mboga za majani zinauzwa kwa rundo na zote huitwa horta, ziwe za shambani au za porini. Huchemshwa, huchujwa, hutiwa mafuta na limau, basi. Mwenye duka alisema nije tena kiangazi nile vlita. Alinionyesha picha kwenye simu. Mchicha! Wagiriki wanakula mchicha wetu kiangazi kizima pamoja na samaki, na hakuna kitabu cha watalii kilichoniambia.

Jumanne, 30 Aprili. Athens

Siku ya kukaa. Mvua ya rasharasha asubuhi, tukahamia mkahawa wa kahawa kwenye barabara ya Fokionos Negri na hatukuondoka mpaka adhuhuri. Hakuna aliyetutazama kwa jicho la "mmemaliza?". Kahawa ya Kigiriki hupikwa kwenye kibirika kidogo cha mkono mrefu, na sukari huwekwa humo humo tangu mwanzo, hivyo lazima useme mapema: *sketo* bila sukari, *metrio* ya kiasi, *glyko* tamu. Vijana hawainywi sana. Wao ni kahawa baridi ya povu, ambayo mama yake ni frappé, iliyozaliwa kwenye maonyesho ya biashara ya Thessaloniki mwaka 1957 pale mfanyakazi wa Nestlé alipokosa maji ya moto, akatikisa kahawa ya unga na maji baridi.

Kuhusu adabu za meza, nimeyaona mambo haya. Sahani zinawekwa katikati na kila mtu anachovya, asiyetaka kuchovya akae peke yake. Chakula cha mchana ni saa nane au tisa, cha usiku hakianzi kabla ya saa tatu. Mkate unalipiwa hata usipouomba. Bili haiji mpaka uiombe, na ikija huja na kitu kitamu cha bure. Leo ilikuwa halva ya suji, kwa kuwa haina maziwa wala siagi. Mwenye mkahawa alinihesabia kwa vidole: kikombe kimoja mafuta, viwili suji, vitatu sukari, vinne maji. Suji inakaangwa kwenye mafuta mpaka inanukia, kisha shira ya moto inamwagwa kwa mkupuo, na hapo usimame mbali. Kuna mdalasini na lozi. Nimeinakili nyuma ya tiketi ya metro.

Jumatano, 1 Mei. Njiani

Mei Mosi, lakini sikukuu yenyewe serikali imeihamishia Jumanne ijayo, tarehe 7, ili isimezwe na wiki hii. Tukaondoka asubuhi na basi la mikoani kutoka kituo cha Kifissos. Safari ya Corfu inakula siku.

Tulivuka daraja la Rio–Antirrio, lililofunguliwa mwaka 2004, tukaingia upande wa Messolonghi, mji wa mabwawa ya chumvi. Huko wanatengeneza avgotaracho: mifuko ya mayai ya mkizi inatolewa mizima bila kupasuka, inatiwa chumvi, inaanikwa, kisha inachovywa kwenye nta ya nyuki ili idumu. Inakatwa vipande vyembamba vya kupitisha mwanga. Bei yake ni ya kito, na sikuona mtu akila wiki hii. Tuliponyoosha miguu, kibanda cha njiani kilikuwa na pai ya mchicha wa kizungu isiyo na jibini, imeandikwa kabisa kwamba ni ya mfungo. Duka la kuku wa kukaanga lililo jirani nalo limebandika orodha yake ya mfungo. Biashara huku imeijua kalenda.

Kivuko kutoka Igoumenitsa kilichukua saa moja na nusu hivi. Kitu cha kwanza unachokiona Corfu ni mizeituni, mirefu, minene, isiyopogolewa kama ya bara, na nyavu nyeusi zimekunjwa shinani. Wavenisi waliokitawala kisiwa toka 1386 hadi 1797 walitaka mafuta ya kuwashia taa na ya kula, wakawa wanamlipa mkulima kwa miti aliyoipanda. Hawakuijali sana njaa ya mkulima mwenyewe.

Alhamisi, 2 Mei. Corfu

Tumepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima mjini, ndani ya vichochoro vya mji mkongwe ambako nguo zinaanikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Nilipoamka jikoni kulikuwa na shughuli. Alhamisi hii ndiyo siku ya kupaka mayai rangi na kuoka mikate.

Maganda ya vitunguu alikuwa ameyakusanya Kwaresima nzima ndani ya mfuko wa plastiki. Akayachemsha na siki hadi maji yakawa rangi ya damu iliyokauka, akayachuja, akayaacha yapoe. Kisha akanipa kazi. Chukua jani la paseli, lilaze juu ya yai bichi, vuta kipande cha soksi ya nailoni juu yake mpaka kikaze, funga nyuma kwa uzi. Ukilichemsha na kulifungua, yai ni jekundu na jani limebaki hapo, jeupe, kila mshipa wake unaonekana. Mayai mengine alitumia rangi ya pakiti, "kwa ajili ya wajukuu, wanataka yang'ae". Yote akayapaka mafuta kwa pamba. La kwanza kutoka sufuriani haliliwi. Huwekwa karibu na sanamu za watakatifu mpaka mwaka mwingine.

Kwenye mikate ndipo nilipopata cheo. Bara wanaoka tsoureki, mkate mtamu uliosukwa, wenye harufu ya mahlepi, ambayo ni kokwa za cheri pori zilizosagwa, na mastiha, utomvu wa mti unaotoka kusini mwa kisiwa cha Chios. Corfu wana yao: fogatsa, ya duara, juu imechanjwa msalaba, na kolombina iliyofinyangwa umbo la njiwa akiwa na yai jekundu kifuani. Unga wake umejaa mayai, siagi, sukari na ganda la chungwa. Maana yake mama aliyeukanda tangu alfajiri haruhusiwi kuulamba hata kidole. Alipotoa wa kwanza tanurini akaukata pembe, akanigeukia.

"Wewe hufungi. Onja, mwanangu, uniambie."

Akasimama na kitambaa mkononi akiniangalia mdomo. Nikasema sukari inatosha, ila chungwa halisikiki. Akaongea kwa kasi na shoga yangu, wakabishana, kisha akachukua machungwa mengine mawili akaparua ganda ndani ya donge lililobaki. Ramadhani nyumbani kwetu kazi hii hupewa mtoto ambaye hajaanza kufunga. Huku nimeipata ukubwani, na kwa mfungo wa dini nyingine.

Shoga yangu akaniambia kwa Kiswahili, "Bibi we, umeajiriwa." Tukala mchana wetu artichoki zilizopikwa na viazi, karoti, limau na shibiti nyingi, mboga ya masika ambayo uchungu wake unabaki ulimini halafu maji baada yake yanakuwa matamu.

Ijumaa, 3 Mei. Corfu

Adesi. Zimechemshwa na maji na chumvi, hakuna tone la mafuta, na siki inatiwa mezani kwa mkono usio na huruma, kwa kumbukumbu ya siki aliyopewa Yesu msalabani. Mama mwenye nyumba alikula vijiko vichache amesimama. Bendera zote zilikuwa nusu mlingoti na kengele zinapigwa moja moja.

Kuanzia mchana mpaka usiku kila kanisa linatoa epitafio yake, jeneza la mapambo lililofunikwa maua, na kila moja lina bendi ya matarumbeta nyuma yake. Ile bendi kongwe ya sare nyekundu na kofia za chuma ilianzishwa mwaka 1840. Zinapishana kwenye vichochoro hivyo vyembamba, huku moja inamaliza kule nyingine inaanza. Maduka ya vitamu hayakufungwa: mandolato, gubiti ya asali na lozi, ilikuwa inauzwa kwa mizani mpaka saa nne usiku. Haina maziwa, ila ina ute wa yai, nikaona baadhi ya wanunuzi wanaifungia mfukoni na kuiacha humo.

Jumamosi, 4 Mei. Corfu

Leo hakuna aliyelala mapema wala kuamka kwa kuchelewa.

Saa tatu asubuhi wanamtembeza Mtakatifu Spyridon, mlinzi wa kisiwa, mwili wake umesimamishwa ndani ya sanduku la kioo. Wanasema maandamano haya ni shukrani kwa njaa ya karne ya 16: kisiwa kilikuwa hakina nafaka, na meli zilizobeba ngano zikienda Italia zikageuza njia zikaja kutia nanga hapa, kwa kazi yake yeye. Nusu ya wanaume wa Corfu wanaitwa Spyros. Shoga yangu aliita jina hilo kwa sauti barabarani kunithibitishia, na vichwa kadhaa vikageuka.

Saa tano kamili kengele zikalia, na kutoka kila baraza vikaanza kushuka vyungu. Vinaitwa botides: mitungi ya udongo, midogo hadi ile inayobebwa na watu wawili, imejazwa maji na kufungwa utepe mwekundu. Watu wanaiegemeza kwenye reli, wanahesabu, wanaachia. Mtungi mkubwa unapofika chini unalipuka na maji yanaruka hadi ghorofa ya kwanza. Waliokuwa chini wakakimbilia vigae, wakiviweka mfukoni kwa bahati njema. Mama wa Kiswahili ndani yangu aliumia kuona mitungi mizima ya maji inapasuliwa, nikamwambia atulie.

Kutoka hapo mji mzima ukaanza kunuka maini. Mama mwenye nyumba alishanunua seti yake. Supu ya bara inaitwa magiritsa, na hapa wana ndugu yake waitwaye tsilihourda. Utumbo umegeuzwa ndani nje kwa kijiti, umesuguliwa kwa chumvi na limau mara nyingi kuliko nilivyoweza kuangalia. Mapafu, moyo na maini vikachemshwa, vikakatwa vidogo vidogo, vikapikwa na vitunguu vya majani, saladi ya kijani iliyokatwa nyuzi, na shibiti tena, rundo zima. Yote haya mchana, mfungo haujaisha, hakuna ruhusa ya kuonja.

"Chumvi?" akaniita.

Hapa ilibidi niamue. Mnyama kachinjwa na Mkristo, na kwetu jambo hilo lina maneno marefu. Mimi nafuata wanaoruhusu chakula cha Ahlul-Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na asiyeruhusu ana hoja zake na simbishii. Nikaonja. Chumvi pungufu.

Usiku tulisimama Spianada, uwanja mkubwa mbele ya Ngome Kongwe, maelfu ya watu wenye mishumaa isiyowashwa. Saa sita moto ukatoka kwa askofu ukasambaa mkono kwa mkono, fataki zikapaa kutoka ngomeni, na watu wakaanza kuambiana *Hristós Anésti*, Kristo amefufuka. Tulirudi na mwali wetu, mama akauchorea msalaba wa moshi juu ya mlango, kisha akaenda jikoni bila kuvua koti.

Avgolemono, mchanganyiko wa yai na limau, hufanywa mwisho kabisa. Alipasua mayai manne, akapiga ute mpaka ukawa povu, akatia viini, akakamulia limau mbili. Akateka upawa wa supu ya moto akaumimina kama uzi huku mkono wa pili haukomi kupiga. Upawa wa pili, wa tatu. Mayai yanazoea joto polepole bila kuganda. Hapo ndipo akarudisha yote sufuriani, akazima moto, akaitikisa sufuria kwa masikio yake, hakukoroga. Mchuzi uliokuwa maji ukawa mzito na wa manjano hafifu. Saa saba na nusu usiku tulikuwa mezani watu kumi na moja, wajukuu wamevimba macho, kila mtu na yai lake jekundu mkononi, ncha kwa ncha, atakayebaki na yai zima ndiye mwenye bahati. Mjukuu mdogo alitushinda sote. Ukali wa limau unakata mafuta ya utumbo na shibiti inafunika harufu ya mapafu, na ukweli ni kwamba ningekula bakuli la tatu kama nisingeona aibu. Mama hakuongea mpaka alipomaliza lake. Kisha akakata fogatsa, akatafuna, akanitazama, akasema chungwa linasikika.

Jumapili, 5 Mei. Kijijini, Corfu

Tulipelekwa kwa shemeji yake kijijini. Mwana-kondoo mzima alikuwa amefungwa kwenye mtalimbo toka saa moja asubuhi, uti wa mgongo umebanwa kwa waya usilegee, makaa yamesukumwa kuelekea mapaja na mabega kwa sababu kiuno huiva haraka. Wanaume wanapokezana kuzungusha. Mafuta, limau na oregano vimo kwenye kopo, na brashi yake ni kifungu cha matawi ya oregano yenyewe. Pembeni kuna kokoretsi, mishikaki mirefu ya maini na figo iliyozungushiwa utumbo duru kwa duru mpaka imefanana na kamba ya nanga. Ngozi inapoanza kuwa kahawia, wapita njia wote wanakuwa na shida ya kuuliza kitu karibu na moto, na kila aulizaye anaondoka na kipande.

Shemeji anashikilia kwamba mambo haya ya mtalimbo ni ya bara. Zamani, anasema, watu wa Corfu Jumapili walikula supu ya yai na limau kwa utulivu na nyama wakaisubirisha hadi Jumatatu. "Kisha televisheni ikatufundisha kuwa Wagiriki," akasema, akakata mguu.

Tulikaa mezani kutoka saa nane hadi jua linazama. Sina zaidi la kuandika kuhusu siku hii, nilikuwa nakula.

Jumatatu, 6 Mei. Corfu

Jumatatu ya Pasaka, na pia sikukuu ya Mtakatifu Georgios, ambaye tarehe yake ya 23 Aprili ikiangukia ndani ya Kwaresima husogezwa hadi leo. Sasa kwa kuwa ruhusa imerudi, nimefuata vyakula ambavyo hupatikana hapa tu.

Bourdeto kwanza: samaki wa mawe mwenye miiba, kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili. Wagiriki kwa jumla wanaogopa pilipili, ila hawa wa Corfu wamejitenga. Mhudumu alinionya kwa uso wa huzuni. Nikamwambia alete, na aongeze ile aliyoificha. Kisha pastitsada, jogoo aliyepikwa na nyanya kwa saa nyingi, juu ya makaroni manene yenye tundu. Nilisema *horís krasí*, mpishi akatoka jikoni kuja kuniangalia, akasema sufuria ya leo ina mvinyo. Nikala ya macho. Shoga yangu Mkatoliki akala ya mdomo, akanieleza kwa kirefu kisichohitajika.

Kiburudisho kilikuwa tzitzibira: tangawizi iliyoparuzwa, limau, sukari na maji, vikaachwa vichachuke kidogo hadi viwe na povu. Waingereza ndio walioileta walipokishika kisiwa, kati ya 1815 na 1864. Wenyewe walishaondoka na chupa imebaki, kama ilivyobaki kriketi inayochezwa hapo hapo Spianada. Tangawizi yake ni ya adabu. Kwetu ingeitwa juisi ya mgonjwa.

Jioni nikatafuta spetseriko, mchanganyiko wa viungo vya pastitsada. Duka la muuzaji ni jembamba na makopo yanafika darini. Mdalasini, karafuu, kungumanga, bizari nyembamba, pilipili manga, paprika, na vingine ambavyo alikataa kuvitaja, kila duka lina siri yake. Mama yangu ni Mpemba, hivyo nilimuuliza karafuu zake zinatoka wapi. Akashusha gunia dogo, akavaa miwani, akasoma: Madagaska. Shoga yangu akanitazama. Nikasema sitaki ugomvi likizoni, nipimie gramu 200, maana kesho maduka yamefungwa kwa ile Mei Mosi iliyohamishwa na basi letu linaondoka saa tatu asubuhi.